Dozi Mbili kwa Samaki Mmoja

"Usimguse samaki wangu! Umeshamuua mmoja, huyu mwache."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote ambayo Sista alimpa mumewe baada ya siku kumi na tisa za kununiana. Na wala hakuyatamka, jamani. Aliyaandika kwenye simu akiwa jikoni, bado na sare ya kazi mwilini, na simu ikalia mfukoni mwa mwanaume aliyesimama sebuleni, hatua saba kutoka pale.

Fundi akasoma. Akautoa mkono wake kwenye kioo cha tangi la samaki. Jibu likarudi jikoni:

"Sawa."

Sawa! Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya yule mwanaume. Nyumba ingeungua angesema sawa. Akachukua begi lake la spana, akaenda zake kutengeneza majokofu ya watu, na Sista akabaki ameegemea sinki, amechoka mpaka kope zinauma.

Sista ni muuguzi, zamu za usiku, wodi ya upasuaji. Jina la Sista alipewa kazini, likamfuata mpaka chumbani. Na samaki mwenyewe ni wa rangi ya chungwa, mkubwa kama kiganja, pezi la kushoto limechanika. Walimwita Mwenyekiti kwa sababu ya ile tabia yake ya kuzunguka taratibu akiwatazama watu kama wamechelewa kikao.

Huyo Mwenyekiti hakuingia nyumbani bure. Miaka minne nyuma mimba ya Sista ilitoka ikiwa na miezi saba. Watu walikuja, wakasema ya kusema, wakaondoka. Fundi hakusema hata neno. Siku ya nane akaingia na mfuko wa plastiki wenye maji, ndani samaki mmoja, akasema, "Huyu anahitaji mtu wa kumlisha." Sista akacheka, kisha akalia mpaka akaishiwa nguvu. Tangu hapo suala la mtoto halikuzungumzwa tena. Kitanda kidogo kilibaki pembeni mwa chumba, kimefunikwa shuka, na kila mmoja akajifunza kukipita bila kukitazama.

Mpaka asubuhi ile, siku kumi na tisa zilizopita, Sista aliporudi kutoka zamu akaikuta pembe tupu.

"Kitanda kiko wapi?"

"Nimempa wifi yako. Anajifungua mwezi ujao."

"Uliniuliza?"

"Niliona kinakuumiza."

"Nakuuliza, uliniuliza?"

"Nimekuletea samaki mwingine," Fundi akasema, akionyesha tangi. "Awe mwenzake huyu."

Sista hakujibu. Na hapo ndipo kimya kilipoanzia. Yule samaki mgeni alikuja na lake. Hakuna aliyemtenga kwanza, hakuna aliyemkagua. Siku ya tisa akafa, na sasa Mwenyekiti naye ana madoa meupe mwili mzima, kama kanyunyiziwa chumvi, anajisugua kwenye mawe na kuhema juu ya maji.

Sista hakulala asubuhi ile. Alikwenda kwa Mama Vioo, mwanamke mnene mwenye miwani, anayeuza matangi na samaki wa mapambo nyuma ya soko.

"Anajikuna kwenye mawe?"

"Sana."

"Ana vidoa kama punje za chumvi?"

"Ndiyo, mama."

"Hao ni vijidudu, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Wanakaa chini ya ngozi, na wakiwa huko dawa haiwapati. Wakishiba wanadondoka chini ya tangi, wanazaliana mamia kwa mamia, halafu wanapanda kumtafuta samaki. Wakati huo wanaogelea ndipo unapowamaliza."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Pandisha joto la maji pole pole. Tia chumvi isiyo na madini ya kuongezwa, kidogo, kama nitakavyokupimia. Na hii dawa, matone kumi kwa siku kwa tangi la ukubwa huo, siku kumi mfululizo. Sasa nisikilize vizuri. Madoa yatatoweka baada ya siku chache. Usiache! Hapo ndipo watu wote wanapokosea. Wanaona kapendeza, wanaacha dawa, wiki ijayo wananirudia wanalia."

"Dozi mpaka mwisho," Sista akasema. Hilo hakuhitaji kufundishwa.

Akiwa njiani kurudi, simu ikalia. Metroni.

"Sista, ile nafasi ya uhamisho bado ipo. Hospitali mpya, nyumba ya kuishi, zamu za mchana. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi tu, unasikia? Wapo wengine wanaitaka."

"Nimesikia, Metroni."

"Mumeo anasemaje?"

Sista akatazama barabara.

"Hajui."

"Eh! Makubwa. Haya, mwambie."

Hakumwambia. Atamwambiaje mtu asiyesema naye? Barua ya uhamisho, ambayo alikuwa hajaisaini, aliibeba kwenye mkoba, pamoja na chupa ya dawa ya samaki, kwa sababu muuguzi haachi dawa ovyo mezani. Kila asubuhi akirudi anatia matone kumi, anapima chumvi, anasogeza kitasa cha joto kidogo, kisha anaanguka kitandani. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaanza kuondoka moyoni. Alikuwa anahesabu tu ni nguo zipi atazibeba. Swali lilikuwa moja: samaki anasafirishwaje?

Siku ya tatu kipimajoto kilisoma juu kuliko alivyoacha. Akadhani kitasa kibovu. Maji nayo yalikuwa yamekolea rangi ya dawa. Akasema moyoni, macho ya usingizi hayo.

Siku ya nne, saa mbili asubuhi, alifungua mlango akamkuta Mwenyekiti amelala ubavu.

Hajafa. Mashavu yalikuwa yanapanda na kushuka mbio mbio. Sista akatupa mkoba kwenye kiti, akapiga simu kwa Mama Vioo, akikosea namba mara mbili. Na huyu ni Sista, mwanamke aliyewahi kushika utumbo wa mtu bila kupepesa macho.

"Mama Vioo, samaki anakufa!"

"Umetia matone mangapi?"

"Kumi kwa siku, kama ulivyosema."

"Na joto?"

"Limepanda lenyewe."

"Joto halipandi lenyewe, mwanangu. Maji yako yana rangi gani?"

"Kijani kabisa."

"Hebu niambie, huyo samaki wako ni wa chungwa? Pezi la kushoto limechanika?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Loo! Siku ile ile uliyokuja wewe, jioni alikuja mwanaume mmoja, mrefu, mikono ina grisi. Kanionyesha picha kwenye simu. Nikamuuzia dawa hii hii. Nikamwambia dozi hii hii. Kasema, 'Samaki ni wa mke wangu. Hataki nimguse, lakini amechoka, analala mchana kutwa, sioni akimtibu. Nitakuwa namtibu akishakwenda kazini.'"

Sista akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Mpo nyumba moja?" Mama Vioo akauliza.

"Nyumba moja."

"Na hamsemi?"

"Hatusemi."

"Basi mnamuua nyinyi wawili kwa mapenzi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Toa nusu ya maji sasa hivi, weka maji safi yaliyolala ndooni, yawe na joto lile lile, si baridi, utamuua kwa mshtuko. Na mpigie mumeo!"

Wodini kwao kila mgonjwa ana kadi moja, na hakuna anayetoa dawa bila kusoma nani ametoa kabla yake. Muuguzi akikosea hilo anaitwa ofisini. Sista alikuwa amewafokea wenzake mara ngapi kwa jambo hilo! Akabonyeza namba ya Fundi. Siku ishirini na tatu hakuisikia sauti yake kwenye simu.

"Hallo?" Ilitoka kwa hofu. "Sista? Kuna nini?"

"Umetia matone mangapi?"

Upande wa pili spana ikaanguka.

"Fundi, matone mangapi?"

"Kumi. Kila jioni."

"Na mimi kumi. Kila asubuhi."

"Mungu wangu."

"Na chumvi?"

"Nimetia."

"Na mimi nimetia. Njoo nyumbani. Peke yangu sitaweza kulinganisha joto la maji."

Hakusema sawa. Alikata simu na baada ya dakika ishirini akaingia, jasho linamtoka, ndoo mbili mkononi na kipimajoto chake cha kazi shingoni. Wakapiga magoti pande mbili za tangi. Fundi anavuta maji kwa mpira na kupima joto, Sista anamimina kikombe kimoja kimoja.

"Ngoja. Digrii mbili pungufu."

"Niongeze ya moto?"

"Kidogo. Basi, basi hapo."

"Anahema bado?"

"Anahema."

Saa nzima ikapita hivyo. Mwenyekiti akajiinua kidogo, akaanguka, akajiinua tena. Safari hii akabaki wima, amepinda kama mlevi, lakini wima. Fundi akajifuta uso kwa kiwiko.

"Kutwa nzima napoza vitu vya watu," akasema, "halafu narudi nyumbani kupasha maji ya samaki kwa siri. Mimi ni mpumbavu."

"Tuko wawili."

"Iko wapi chupa yako? Tuziweke pamoja, ibaki moja."

"Kwenye mkoba."

Fundi akaingiza mkono kwenye mkoba. Akatoa chupa, na barua ikatoka nayo. Akasoma mstari wa juu. Sista hakumnyang'anya. Alikuwa amechoka kuficha.

"Unaondoka?"

"Sijui."

"Lini ungeniambia?"

"Wewe kitanda ulikitoa lini ukaniambia?"

Fundi akairudisha barua mkobani.

"Nitakwenda kukichukua leo."

"Sitaki ukichukue. Mtoto wa wifi alale, ni haki yake. Nilitaka nikitoe mimi! Nilitaka tukishike wote wawili mpaka mlangoni. Ulifanya kama hakukuwa na mtu aliyekuwa alale pale."

"Mimi si mtu wa maneno, Sista. Unajua."

"Najua. Wewe ni mtu wa matone. Miaka minne naishi na mtu wa matone."

Akasimama, akachukua karatasi, akachora mistari kama ya kadi za wodini, akaibandika kwenye kioo cha tangi. Tarehe. Saa. Dawa. Nani ametia. Halafu akaongeza nafasi ya mwisho, pana kuliko zote.

"Hiyo ya nini?"

"Tukianza upya, kila atakayetia dawa anaandika na jambo moja ambalo hajawahi kulisema. Mama Vioo kasema siku kumi. Ukishindwa, mimi nitasaini ile barua."

"Sista..."

"Usiniambie sawa."

Akafunga mdomo.

Siku mbili walimpumzisha samaki. Kisha wakaanza, asubuhi moja zamu ya huyu, inayofuata zamu ya yule. Mara ya kwanza Fundi aliandika, "Nimechoka." Sista akasoma, akasema peke yake, haya, mwanzo ni mwanzo. Naye akaandika, "Nguo za mtoto huwa nazitoa na kuzikunja upya. Kila mwezi." Siku ya tatu mwandiko wa Fundi ulikuwa mdogo, umebanana: "Siku ile hospitali sikwenda kununua maji ya kunywa. Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia nikalia. Nikachelewa kurudi ukadhani nimekukimbia." Sista aliusoma mara tatu. Alikuwa amebeba kinyongo cha maji yale ya kunywa kwa miaka minne.

Siku ya sita madoa yote yalikuwa yametoweka. Mwenyekiti aling'aa, akarudia kuzunguka kwake.

"Amepona," Fundi akasema. "Tuache basi. Karatasi yenyewe imeniua."

"Hajapona. Hayaonekani tu."

"Mbona anakula?"

"Hata mimi nilikuwa nakula, Fundi. Miaka minne nakula, nakwenda kazini, nacheka na watu."

Fundi akasogea kwenye tangi. Kisha akaichukua kalamu, ingawa haikuwa zamu yake.

Asubuhi ya kumi Sista alirudi kutoka zamu, viatu mkononi, miguu imevimba. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho aliyopewa na Metroni. Kalamu ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Fundi hakuwa ameenda kazini. Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya tangi, mikono katikati ya magoti.

Kwenye nafasi ya mwisho kulikuwa na neno moja tu. Jina. Lile jina walilolichagua usiku mmoja wakicheka, mimba ikiwa na miezi mitano, na ambalo halikutamkwa tena katika nyumba ile. Mimi silitaji hapa, ni lao.

"Lisome," Fundi akasema.

"Lisome wewe."

Fundi akalisoma kwa sauti. Akalisoma tena, na mara ya pili akashindwa kulimaliza. Sista akaviachia viatu, akamshika kichwa, wakalia wote wawili, kilio cha watu waliochoka, kisicho na kelele nyingi. Mwenyekiti akapita akiwatazama, kikao kimechelewa kwa miaka minne.

Simu ikalia.

"Sista, leo ndiyo leo. Unakwenda au huendi?"

"Siendi, Metroni. Mpe mwenzangu. Nina mgonjwa nyumbani, hajamaliza dozi."

"Pole jamani. Nani anaumwa?"

"Sote wawili."

Akakata. Fundi alikuwa amesimama mbele ya tangi, kopo la chakula mkononi, anasita.

"Sista, leo umemlisha?"

"Bado. Na wewe?"

"Bado."

"Basi mlishe wewe," akasema, akijitupa kwenye kiti. "Halafu uandike. Halafu twende wote kwa wifi tukampelekee zile nguo."