Udongo Unaonasa Kila Kitu

Tumbokioo lilianza kucheua mapema asubuhi. Lilikuwa tumbo la ng'ombe lililotengenezwa kwa kioo, lenye vyumba vinne, refu kuliko mtu, na uji wa pumba na mahindi ulipanda na kushuka ndani yake hadharani, bila haya. Mgeni akiingia kiwandani kwa mara ya kwanza huziba pua. Wenyeji wanakunywa chai pembeni yake.

Kazi yake ilikuwa kupima udongo. Mahindi yakiota ukungu hutoa sumukuvu, na sumukuvu haiogopi kuchemshwa wala kukaushwa. Ng'ombe akiila, inapita hadi kwenye maziwa. Ndiyo maana malisho huchanganywa na udongo wa madini, ule unaonasa sumu tumboni na kutoka nayo kwenye samadi. Ila udongo nao una tabia zake, jamani. Upo mlegevu, upo mroho.

Siku hiyo mhandisi Nyemo Chilongola alitakiwa kuchagua mmoja kwa ajili ya ng'ombe wote wa Dodoma, ambao siku hizi wanaishi kwenye mazizi ya ghorofa, na maziwa yao yanakwenda majumbani kwa bomba.

"Bentonaiti, udongo wetu wa zamani, umebakiza sumu kidogo," alisema Masinga, fundi wa mtambo. "Mwaka wa mvua mbaya, kidogo hicho kinamfikia mtoto. Huu mpya uliochomwa tanuruni haukubakiza kitu."

"Hata kidogo?"

"Sumu hakuna. Rangi ya njano hakuna, harufu ya nyasi hakuna. Vitamini tutaongeza wenyewe, lakini harufu hairudi, dada. Maziwa yatakuwa meupe peee! Watu watazoea. Mbona walizoea hili tumbo?"

Nyemo hakucheka.

Mama yake, Mbeleje, alikuwa amesahau karibu kila kitu. Lakini kila asubuhi akinusa kikombe cha maziwa ya moto, alirudi. Macho yalichangamka, akamwita Nyemo kwa jina, akamgombeza kwa kukonda, kisha akaanza habari za kwao Kongwa: majani mabichi baada ya mvua ya kwanza, ng'ombe wao mwekundu mwenye kiburi, samli iliyonukia hadi kwa jirani. Kikombe kikiisha, naye alikwenda zake. Nyemo aliishi kwa vikombe hivyo.

Kati ya habari zile, mama aliipenda zaidi ile ya mwaka wa njaa.

"Hatukutupa hata punje!" alijisifu. "Mahindi mazima tulikula sisi. Yenye ukungu tulimpa ng'ombe, maziwa akanywa Yoeli wetu."

Yoeli, mdogo wake Nyemo, macho yalimgeuka njano, na kabla ya mavuno wakamzika. Walisema ni homa. Nyemo aliujua ukweli akiwa chuoni, katikati ya somo la sumukuvu, akatoka darasani akilia. Nyemo hakumwambia mama kamwe. Angeanzia wapi?

"Unamfikiria mama," alisema Masinga, safari hii bila utani.

"Bomba ni moja, Masinga. Siwezi kumtengea yake."

"Basi chukua wa zamani. Kinachobaki hata sheria inakiruhusu. Nani atakulaumu?"

Hakuna ambaye angemlaumu, na hilo ndilo lililomtesa. Aliutazama uji ukipanda na kushuka. Alimfikiria mwanamke asiyemjua, huko kwenye ghorofa fulani, akimnywesha mwanawe maziwa kwa mapenzi yake yote.

"Weka mpya," alisema, akatoka nje haraka.

Maziwa mapya yalipofika majumbani, Nyemo alimpelekea mama kikombe mwenyewe. Mama alinusa. Akanusa tena. Akanywa polepole, kwa adabu, kama mtu aliye ugenini.

"Asante sana, mama," alimwambia binti yake. "Maziwa safi haya."

"Mama, ni mimi. Nyemo."

"Eeh, karibu, karibu ukae."

Kikombe kilipofika nusu, mama alikifunika kwa kisahani na kukisogeza pembeni.

"Haya ya binti yangu," alisema. "Anachelewa sana kazini, halafu hali chochote. Ukimwona huko nje, mwambie nimembakizia."

Nyemo akasema atamwambia.