Miwani Nyeusi ya Aminieli

Digna alikuwa ametoka kununua nyanya katika soko la Moshi, kikapu mkononi, gauni lake la maua mekundu limepigwa pasi ya mkaa mpaka linakaribia kusimama lenyewe, na alijua kabisa kwamba amependeza. Hilo tuliseme mapema, maana Digna hakuwa msichana wa kujifanya hajui. Alitembea katikati ya njia, kichwa juu, na wachuuzi wakampisha. Mmoja tu hakumpisha. Kijana mrefu wa kaptura alitokea upande wa stesheni akikimbia, macho ameyafumba nusu kwa ukali wa jua, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, akamvaa mzima mzima. Nyanya zikatawanyika hadi kwa wauza dagaa.

"We kaka! Huna macho?"

"Ninayo, dada, ila yamejaa chumvi." Kijana alishapiga magoti, anaokota. "Jua linanipiga usoni, jasho linaniingia machoni, basi nakimbia kwa kukisia tu. Nisamehe."

"Na unakimbia nini? Umeiba?"

"Bado." Alijifuta uso kwa kiganja, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Lakini sasa nimeona kitu cha kuiba."

Digna alijiandaa kukasirika, kicheko kikamtoka kabla ya hasira. Mambo yakaanzia hapo.

Jina lake lilikuwa Aminieli, mtoto wa Marangu, Mlutheri wa kuzaliwa, mpakiaji wa magunia ya kahawa na mkimbiaji wa wilaya. Alikuwa amepanga chumba Majengo. Digna alishona nguo kiwandani na alikaa kwa shangazi yake, Majengo hukohuko. Baba yake, Mzee Evaristo, alikuwa ametoka Singida miaka mingi iliyopita na sasa alikuwa nyapara katika mashamba ya miwa, kule chini kwenye joto. Mzee huyo hakujali kijana ana nini wala anasali kanisa gani kama alivyojali jambo moja, salamu. Asiyejua kumwamkia mkubwa, alisema, hajui kitu kingine chochote. Wachumba wawili walishafukuzwa kwa sababu hiyo, na Digna, ambaye asingeolewa bila radhi ya baba yake, alikuwa ameanza kuogopa.

Wapendanao wengine walikutana kwenye dansi. Hawa walikutana kwenye simu ya kiwanda, iliyokaa mezani kwa karani aitwaye Dominika.

"Halo? Naomba kuongea na Digna. Mimi mjomba wake."

"Mjomba?" Dominika akasema. "Jana si ulikuwa binamu?"

"Ukoo wetu mkubwa, dada."

Digna alipopewa mkono wa simu aliugeukia ukuta. "Unasemaje, mjomba?"

"Nasema nimekuota."

"Sema polepole, Dominika anasikia."

"Asikie! Nimekuota umevaa lile gauni jekundu, unanitukana sokoni. Nimeamka nina furaha mpaka sasa."

Krismasi ilipofika, Digna alimnunulia zawadi katika duka la Basili. Ilikuwa miwani nyeusi, mipana, ya fremu inayong'aa, ile iliyovaliwa na vijana wa suruali za bugaluu wakipiga picha studio. "Sasa jua halikuwezi," alimwambia. "Na usije ukawagonga wasichana wengine."

Aminieli aliivaa, akakimbia mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Alirudi anahema, jasho linachuruzika, akasimama mbele yake akigeuza kichwa huku na huku.

"Vipi?"

"Mpenzi," akasema, "naona mpaka Mombasa!"

Digna alivimba kwa fahari. Kila aliyekutana naye kiwandani wiki ile alisikia habari za miwani.

Februari ya mwaka sabini na tano, siku ya kuadhimisha Azimio la Arusha, ziliandaliwa mbio za kutoka Moshi hadi Himo. Anayekimbia asubuhi kwenda Himo hulipokea jua usoni njia nzima, na hiyo ilikuwa miezi ya ukame, lami inametameta tangu saa tatu. Wasichana wa kiwandani walipewa kazi ya kugawa maji karibu na njia panda ya Himo. Walisimama kwa mstari katika sare ya kitenge cha kijani waliyoishona wenyewe, vilemba vimefungwa mtindo mmoja. Digna alisimama na kikombe chake. Nyuma yake, katika koti la kaki na kofia ya pama, alisimama Mzee Evaristo, aliyepanda lori tangu alfajiri kuja kumwona kijana.

Mpango ulikuwa umepangwa. Aminieli angechukua maji mkononi mwa Digna, angetupa salamu kwa mzee hata kama ni neno moja, na jioni angefika na mjomba wake wa kweli kujitambulisha.

"Atakuamkia, baba," Digna alisema. "Hata akiwa mbioni atakuamkia."

"Tutaona."

Kelele zikapanda. Aminieli alitokea mbele, peke yake, miwani inang'aa, na nyuma yake kidogo Eliufoo wa Machame akimfukuzia. Digna aliusikia moyo wake ukiimba. Aminieli akapunguza mwendo, akanyoosha mkono, akaupita mkono wa Digna uliokuwa umenyooka kumwelekea, akapokea kikombe cha Epifania, msichana aliyesimama pembeni yake. Akanywa, akajimwagia mabaki kichwani.

"Ahsante, mpenzi wangu!" alisema kwa sauti ya kusikika hadi dukani. "Jioni nakuja kwenu!"

Akaondoka. Alimpita Mzee Evaristo karibu kiasi cha kumrushia matone ya maji kwenye koti, miwani nyeusi usoni, bila shikamoo, bila hata kugeuza shingo.

Epifania alibaki ameshika hewa. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

"Ndiye huyo?" Mzee Evaristo aliuliza.

Digna aliyamwaga maji ya kikombe chake chini.

"Ana mbio kweli." Mzee alijifuta koti taratibu. "Twende zetu."

Walikuwa wanapanda lori waliposikia watu wakishangilia kwamba Aminieli ameshinda. Digna hakugeuka. Aliumia mpaka akaona aibu kuumia kiasi kile, na kwa kuwa hakutaka mtu aone, aliketi wima kama anayepigwa picha.

Kesho yake simu ya kiwanda ililia mapema.

"Ni yule mjomba," Dominika alinong'ona, safari hii kwa huruma.

"Digna, nisikilize. Sikukuona."

"Nilikuwa mbele yako."

"Miwani iliingia ukungu. Kila ninapopunguza mwendo inajaa mvuke, na jasho machoni, nikaona kijani tu, kijani kila mahali. Nilidhani ni wewe. Mzee wako sikumwona kabisa."

"Miwani hii hii inayoona mpaka Mombasa?"

Digna aliuhamishia mkono wa simu sikio la pili.

"Aminieli, uliniambia mwenyewe. Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

"Siku ile..."

"Basi endelea kuona Mombasa." Akakata. Dominika akajifanya anatafuta kalamu.

Wiki ile ile Epifania alimfuata kwenye cherehani, mkononi ana miwani na jani refu la kijani lililofungwa fundo. "Amenituma. Na mimi nimechoka kuitwa mpenzi wa mtu mbele ya mtaa mzima, kwa hiyo pokea."

Digna aliligeuza jani. Aliyajua yale majani, aliyaona yamepandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya migomba, kila alipopanda Marangu. "Ananiwekea mpaka? Nisivuke kwake?"

"Mae! Nyie watu wa tambarare mna shida." Epifania alicheka mpaka akaegemea meza. "Hili ni isale, Digna. Kwetu mtu akikosa, anakuletea isale. Hata kama alikuulia ndugu, ukiletewa isale husemi hapana. Huyo kijana amekupigia magoti kwa mila yote ya Kilimanjaro."

Digna alilitazama jani kwa muda mrefu. Kisha akaiangalia miwani. "Jani nimelipokea," alisema. "Maneno yake bado. Hayo nitayapima mwenyewe."

Saa saba mchana, jua limesimama juu ya Majengo, Digna alijifunga kanga juu ya gauni, akavaa miwani nyeusi, akaanza kukimbia. Wanawake walitoka vibarazani. "Digna, kuna msiba?" Hakujibu. Mwanzoni alifurahi, mwanga ulipoa, bati za nyumba hazikumchoma macho, akajisifu moyoni kwamba zawadi yake ilikuwa nzuri. Lakini alipokunja kona jasho lilimshuka kutoka kwenye nywele likaingia machoni, likawasha kama pilipili. Akavumilia. Alipofika karibu na kibanda cha Sirili, fundi viatu, alipunguza mwendo ili avute pumzi, na papo hapo joto lote la uso likapanda kwenye vioo. Dunia ikawa nyeupe kama maziwa. Ndani ya weupe ule aliona mtu mnene, mweusi, ameketi mlangoni, na adabu yake ikamtangulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Sirili akajibu kutoka upande mwingine kabisa. "Ila hilo ni gunia la mkaa, binti."

Digna aliivua miwani. Alilitazama gunia. Akacheka mpaka machozi yakachanganyika na jasho, kisha machozi yakazidi, akageuka na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha Aminieli akiwa vilevile, kilemba kimefunguka, kanga inaburuta.

"Nimeamkia gunia la mkaa," alisema mlangoni.

Aminieli, aliyekuwa anamenya ndizi za mtori, alisimama na kisu mkononi. "Umefanya nini?"

"Kwa nini hukuniambia tangu Krismasi?"

"Ulikuwa umefurahi sana, Digna. Ulisimama pale mtaani kama uliyenunua jua lenyewe. Ningeanzaje kusema sioni?"

"Ungesema, 'Mpenzi, sioni.'"

"Nilidanganya. Nimekoma."

"Ukome kweli. Bora uniudhi kwa ukweli." Akaketi kitandani, akajipepea kwa ncha ya kanga. "Mimi nimekwisha, jani lako limenimaliza. Lakini baba ni Mnyaturu, kwake isale ni majani ya mbuzi. Amesema aliyempita bila salamu asikanyage kwake, na mimi siolewi kwa kutoroka. Naolewa mchana, na baba yangu mbele."

"Basi nikamwamkie wapi?"

"Palepale ulipomkosea. Mbioni."

Mwisho wa mwezi ule kulikuwa na mbio za kutoka mjini kushuka hadi mashamba ya miwa. Digna alimshonea utepe wa kitambaa cha taulo, mpana vidole vitatu, wa kufunga kwenye paji la uso ili jasho lisishuke. Vioo alivipaka sabuni ya mche, nyembamba, akavifuta kwa pamba ya gauni lake jekundu mpaka vikang'aa. "Hii itasaidia," alimwambia. "Haitatosha. Ukikaribia kusimama, ivue kwanza. Usije ukaamkia muwa."

Siku yenyewe vumbi la barabara lilikuwa jeupe, jua linadunda juu yake na kurudi machoni. Kona ya mwisho ilipita mbele ya nyumba za wafanyakazi, na Mzee Evaristo alisimama pale, mikono kifuani, akimwambia kila mtu kwamba hakuja kumtazama mtu bali yuko nje ya nyumba yake. Digna alisimama upande wa pili, bila kikombe.

Aminieli akatokea wa kwanza, utepe kichwani, Eliufoo hatua chache nyuma. Ushindi ulikuwa uwanjani, mbele kidogo tu. Alipomfikia mzee, alivua miwani. Akasimama. Watu wakapiga kelele, "Kimbia! Unafanya nini?" Akainama, mikono miwili pamoja.

"Shikamoo, baba."

Mzee Evaristo alimtazama machoni. Hakuwa na haraka. "Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Na wazee wa Marangu?"

"Wazima, wanakusalimu."

Eliufoo akapita kama upepo. Digna alijishika mdomo asipige kelele. Aminieli hakugeuza hata shingo.

"Ng'ombe?"

"Wazima, baba."

"Vizuri." Mzee akashusha mikono, na uso wake wote ukabadilika. "Sasa mbona umesimama, mwanangu? Kimbia! Kimbia bwana, yule atakushinda!" Akavua kofia yake ya pama, akaanza kukimbia nyuma yake akiipunga, koti linapepea, nyapara mzima mbele ya watu wake.

Aminieli alishika nafasi ya pili. Digna alimfikia uwanjani, akamfuta uso kwa kanga yake mbele ya umati bila kumwonea mtu haya, na hajawahi kujivunia mshindi wa kwanza yeyote kama alivyojivunia yule wa pili.

Jioni, wenzake walipomuuliza Mzee Evaristo nani alishinda, alitengeneza kofia yake kichwani.

"Wa pili ni mkwe wangu," alisema. "Wa kwanza simjui. Alinipita bila salamu."