Mlango wa Mzee Ussi

Siku ya Ijumaa Kidawa hupika wali wa nazi mwingi kuliko siku nyingine. Harufu hutoka jikoni kwake, hupita uani, hufika mpaka barabara ya mchanga. Na si kwake tu. Kilindoni nzima, hapa kisiwani Mafia, hunukia hivyo. Ukipita mchana una njaa, utadhani unatembea ndani ya sufuria.

Ijumaa moja Kidawa alipakua bakuli la sadaka, akaweka kipande cha samaki changu juu, akalipeleka soko la samaki. Pale barazani ndipo alipokuwa akilala Mzee Ussi. Alikuwa fundi wa majahazi, mtu wa kisiwa cha Jibondo. Macho yalipofifia, kazi ilimwacha. Mkewe alikuwa ameshafariki. Chumba alichopanga kikapewa mtu mwingine. Sasa alikuwa na mkeka, birika na nyundo moja.

Mzee alikuwa amesinzia. Barazani hapana mlango wa kupigia hodi, kwa hiyo Kidawa hakupiga. Aliweka bakuli kando ya mkeka, akaondoka.

Jumamosi asubuhi alirudi kuchukua bakuli lake. Wali ulikuwamo vilevile, umechacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Kidawa, mke wa Sudi. Mzee, chakula changu hukukipenda?"

Mzee Ussi alicheka kidogo, halafu akakohoa kwa muda. "Nilikipenda, mwanangu. Nilikinusa. Lakini jana zilikuja sahani saba. Kila nyumba inakumbuka sadaka siku ya Ijumaa. Na tumbo langu ni hili moja."

"Na leo umekula nini?"

"Leo ni Jumamosi," alisema mzee, kana kwamba amemaliza kujibu.

Kidawa alirudi kwa njia ya pwani. Maji yalikuwa yametoka mbali sana. Mchanga mweupe na anga nyeupe vilikuwa kitu kimoja. Alitembea kama mtu aliye usingizini. Aliziona zile sahani saba zimejipanga mchangani. Moja inakwenda kukaa Jumamosi, nyingine Jumapili, nyingine Jumatatu, kila sahani na siku yake.

Alipofika nyumbani alimkuta jirani yake, Cresensia, anafua nguo. Cresensia ni mtu wa bara, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kidawa alimwonyesha bakuli, akamweleza.

Cresensia alikamua gauni, akacheka. "Dada Kidawa, nyinyi watu wa pwani mnaitafuta pepo yote siku moja."

"Na nyinyi wa bara mnaitafuta kwa fomu."

"Basi tuchanganye. Mna huruma, mnakosa mpango. Kusanya watu wachache wenye nia. Mgawane siku, kila nyumba ipike siku yake. Mwandike. Mchague mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Mimi nitawasaidia kuandika katiba, kisha tuipeleke halmashauri, kikundi kisajiliwe."

"Yote hayo kwa bakuli la wali?"

"Ndiyo. Leo ukisafiri, chakula cha mzee kinasafiri na wewe. Kukiwa na kikundi, wewe utasafiri, chakula kitabaki." Cresensia aliacha kufua. "Anakohoa tangu lini?"

"Tangu papa potwe hawajaondoka pwani yetu, mwezi uliopita."

"Basi ni zaidi ya wiki mbili. Kikohozi cha namna hiyo lazima kipimwe. Huenda ni kifua kikuu. Hicho kina dawa, na dawa zake ni bure. Mpelekeni hospitali. Halafu kitu kimoja zaidi. Msimpangie. Mkamuulize mwenyewe anataka nini."

Jumatatu Kidawa na mumewe, Sudi, walimpeleka mzee hospitali. Makohozi yalipimwa. Hakikuwa kifua kikuu. Daktari alimpa dawa za kifua, akasema, "Lakini asilale tena kwenye unyevu. Masika haya hapa. Baraza ile itamuua."

Walirudi polepole chini ya minazi. Kidawa akamuuliza mzee anataka nini.

"Mlango," alisema Mzee Ussi.

"Mlango tu?"

"Mlango wenye komeo kwa ndani. Pale barazani mtu akija, sijui kaja kwa heri au kwa shari. Nashtukia tu yupo." Alitembea hatua chache. "Na mkipata mlango wa pili, mpeni Warda."

"Warda gani?"

"Aliachwa na mumewe, ana mtoto wa kike. Wanalala nyuma ya kibanda cha mama lishe. Nyinyi hamumwoni kwa sababu anajificha. Mwanamke asiye na kwake halali barazani."

Kidawa alikijua kibanda hicho. Kila siku alipita mbele ya kibanda kile.

Nyumbani alimwambia Sudi, "Baba Taufiki, lile banda la mbata."

Sudi alijua ombi hilo lingekuja. Lilikuwa banda la marehemu baba yake, la kukaushia nazi. Miaka mingi halikutiwa moto.

"Lile ni la urithi," alisema. "Leo watalala, kesho watasema lao."

"Sasa hivi nani analala mle?"

"Popo."

"Popo nao wamesema lao?"

Sudi alitaka kukasirika, akashindwa. Jioni ile Cresensia alikuja, akamweleza kwamba hofu yake ni ya haki. Ndiyo maana mambo huandikwa. Waliandika makubaliano: banda ni la Sudi na ndugu zake, kikundi kitalitumia kwa miaka mitatu, na matengenezo ni ya kikundi. Ndugu wote wakasaini, mbele ya mtendaji. Baada ya hapo Sudi mwenyewe ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti. Katibu akawa Aziza, muuza vitumbua, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka.

Kazi ikaanza. Wanawake walishona makuti wakiimba kwa sauti ndogo. Wanaume walibadilisha nguzo, wakajenga ukuta katikati ili upande wa Warda uwe mbali na wa mzee. Wakaweka milango miwili. Harufu ya mbata ya zamani ilikuwa bado imo katika mbao, tamu na nzito. Aliyeingia alijikuta anasema polepole.

Mzee Ussi hakukubali kukaa bure. Aliomba pamba na mafuta. Akapapasa mlango kwa ncha za vidole. Kila alipopata ufa, alijaza pamba na kuigonga kwa nyundo yake, kama jahazi linavyozibwa. Kisha akafanya hivyo kwa mlango wa Warda.

"Fundi, hii ni nyumba, si chombo," Sudi alimtania.

"Maji hayajui tofauti," alisema mzee, akaendelea kugonga.

Kikundi kikasajiliwa. Karatasi ya zamu ikabandikwa kwa Aziza: nyumba saba, siku saba. Warda alipohamia na mwanawe, naye alitaka kupika. Aliomba Alhamisi, na nyumba yenye siku hiyo ikampisha.

Mvua ya kwanza ya masika ilishuka Jumanne asubuhi. Ilikuwa zamu ya Kidawa. Alifunika bakuli kwa kawa, akajitupia kanga kichwani, akatoka. Alipita soko la samaki. Pale palipokuwa na mkeka, maji yalikuwa yanapita kama mto mdogo, yamebeba magamba ya samaki. Alisimama akatazama, kisha akafuata njia ya minazini.

Mvua ilifuta kila kitu. Banda lilionekana kama linaelea.

Alifika mlangoni. Angeweza kuusukuma. Hakuusukuma.

"Hodi," alisema.

Ndani alisikia birika likiwekwa chini. Maji yalimtiririka begani. Alisubiri.

"Hodi, mzee."

"Nani?"

"Kidawa. Leo ni Jumanne."

Komeo likavutwa. Mzee Ussi alisimama mlangoni, mkavu, macho yake yakitazama juu kidogo ya kichwa cha mgeni wake. Sakafu nyuma yake ilikuwa kavu pia.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani, mwanangu. Hodi ya kwanza niliisikia. Nilitaka tu kuisikia tena."