Tarehe Kumi na Tisa

Jumamosi saluni ile haina nafasi hata ya kuangusha kitana. Mashine za kukausha zinaunguruma, wateja wamebanana kwenye benchi, na Msusi mwenyewe, gauni la kijani, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, ana vichwa vitatu vinavyomsubiri. Katikati ya msongamano huo akaingia mwanamume aliyebeba gombo la sponji begani, refu kumzidi yeye. Alipogeuka kusalimia kulia, gombo likafagia chupa za mafuta kushoto. Akageuka kuomba radhi, na za kulia nazo zikaenda.

"Kaka, simama hapohapo," Msusi akasema. "Usisalimie mtu mwingine."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Alikuwa fundi wa makochi, ameitwa kuvisha upya viti vilivyopasuka. Kazi ya siku moja aliifanya kwa siku nne, na kufikia ya nne kila mtu alishajua kwamba tatizo si viti. Wasichana wa saluni wakambandika jina: Sponji.

Mara ya tatu walipotoka pamoja, Msusi aliweka kikombe chini akamwambia bila kuzunguka. Mwaka jana alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Matibabu yamekwisha, vipimo viko safi. Sasa chini ya ngozi amewekewa kimfuko, na kila baada ya wiki mbili hospitalini wanakiongezea maji kwa sindano ili ngozi itanuke, hadi siku ya operesheni ya kuweka titi la kudumu.

Sponji alimtazama usoni, si kifuani. "Kinauma?"

"Kinabana. Kama nimevaa sidiria ya mtoto."

"Na mimi ninayeshinda na sponji, mbona hukunitafuta mapema?"

Msusi alicheka mpaka chai ikampalia. Tangu augue alikuwa akipewa pole tu, na pole zilishamchosha.

Lakini mwili nao ulikuwa na yake. Msusi husuka kichwa cha mteja kikiwa kimemwegemea kifuani, ndivyo alivyofundishwa. Sasa kila kichwa kikigusa kushoto kinakutana na kitu kigumu kama bakuli lililofunikwa. Hata Kidoti, binti yake wa miaka minne, aliyezoea kulalia upande ule, alihamia kulia bila kuambiwa. Msusi akaanza kujiuliza: aendelee, au aache?

"Sindano zote hizo halafu uishie njiani?" dada yake alimwambia. "Malizia bwana, uwe kamili."

Akampigia Sponji. "Mpenzi, ungependa nifanyeje?"

"Utakaloamua, laazizi."

"Nimekuuliza unalopenda wewe."

"Ndilo hilo. Utakaloamua."

"Unaongea kama mtu wa dirisha la maulizo," akasema, akakata simu.

Siku mbili baadaye alimpitia karakanani kwake. Sponji alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, nyundo mkononi, misumari midogo imejaa mdomoni kama kawaida ya mafundi wa kazi ile. Ukutani kulikuwa na kalenda. Tarehe kumi na tisa, siku ya operesheni, ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu mara mbili, na siku zote zilizokwisha kupita zimefutwa mojamoja.

Msusi akaisogelea kalenda. "Kumbe unahesabu siku. Mdomoni 'utakaloamua', ukutani una haraka ya kuletewa titi."

Sponji alifungua macho makubwa, mdomo ukashindwa kufunguka. Alipomaliza kutemea misumari kiganjani, viatu vya Msusi vilishavuka barabara. Jioni ile simu iliita mara tisa. Haikupokelewa.

Jumatatu Msusi alikuwa mbele ya daktari wake, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni.

"Hilo la kudumu litakuwa laini?"

"Kuliko hiki, ndiyo. Na umbo zuri. Wapo wengi wanaojitazama kwenye kioo wakafurahi, na wana haki."

"Na mwanangu akilala hapo, nitamsikia?"

Daktari alishika miwani yake. "Yeye atasikia ulaini. Wewe hutamsikia sana."

"Na tukikitoa?"

"Ganzi ya ngozi itabaki. Ila mbavu zako zitaujua uzito wa kichwa chake."

Kabla ya kujibu, Msusi aliomba dakika moja akaingia chumba cha kubadilishia nguo. Alijitazama kwenye kioo jinsi anavyotazama kichwa cha mteja mpya: nini kipo, nini kinawezekana. Hakulia. Alifunga vifungo vya blauzi kuanzia chini hadi juu, akarudi na jibu.

Alhamisi, Sponji akasimama mlangoni mwa saluni, karatasi imeviringishwa mkononi.

"Nimekuja kukagua viti."

"Viti havijalalamika."

"Fundi wao analalamika."

Kidoti, aliyekuwa akisuka mwanasesere, akasogeza kiti kumpisha. Sponji akakunjua ile karatasi. Kalenda.

"Siku ile nilikuwa na misumari mdomoni. Leo sina. Nilikuwa nahesabu kwa woga, mama. Kila siku niliyofuta, nilijua inakaribia ya wewe kulazwa chali, ukatwe tena. Tangu mwanzo nilitaka uache."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa nikisema, utaacha kwa ajili yangu."

"Unajiona mkubwa sana."

"Nimeshagundua."

Msusi aliuma mdomo asicheke. "Sikiliza basi. Nilishaamua Jumatatu, na wewe hukuulizwa. Kinatolewa. Kifua kilale sawa upande huu. Nisuke nilivyofundishwa, na huyu apate mto wake."

Sponji akashusha pumzi ndefu. "Lini?"

"Tarehe kumi na tisa. Siku ni ileile, kazi ndiyo imebadilika. Kwa hiyo bado naingia kile chumba, na bado utaogopa. Utaogopea kwenye benchi la nje, Kidoti akiwa mapajani, na ukitapika usimtapikie."

"Nitakuwepo kabla hawajafungua geti."

Msusi alichomoa kalamu nyekundu iliyokuwa nyuma ya sikio la Sponji, akafunua miezi miwili mbele, akachagua Jumamosi moja, akaizungushia mara mbili.

"Hiyo ya nini?"

"Siku hiyo unakwenda kwa mama yangu. Vaa shati lenye kola, na usiingie na kitu chochote kirefu."

Sponji alilitazama lile duara, akamtazama yeye. "Nikamwambie nini?"

Msusi akamrudishia kalamu nyuma ya sikio, taratibu.

"Utakaloamua, laazizi."