Mkono wa Fundi Mhm

Mtaani kwetu kulikuwa na fundi cherehani ambaye jina lake halisi tulilisahau. Tulimwita Fundi Mhm. Tangu afungue duka asubuhi mpaka alifunge, midomo yake ilibana pini tano au sita, zimepangwa kama meno ya kitana, na mwenye pini mdomoni hazungumzi. Ukimsalimu, mhm. Ukimuuliza nguo itakuwa tayari lini, mhm. Na mhm hiyo ungeweza kuielewa Jumatano au mwakani, shauri yako.

Lilikuwa duka tulivu. Yeye alikaa kwenye cherehani ya dirishani, mkewe kwenye ile ya ukutani, redio ikisikika kwa mbali, na pasi ikipoa juu ya kigae. Mke alishona mapindo na vitundu vya vifungo. Mume alikata na kuunganisha. Wateja walisubiri zamu, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu mkono wa fundi yule haukukosea hata uzi mmoja. Mimi nina duka la dawa upande wa pili wa barabara. Ninayoyaeleza hapa, mengine niliyaona mwenyewe na mengine niliambiwa na mkewe baadaye.

Mambo yalianzia kwenye shamba dogo la karanga. Mama mkwe wa fundi alilima nyuma ya nyumba yake, pale miti ya msituni inapoanzia. Mwaka ule kindi walishuka mitini kila siku kufukua karanga changa. Mama yule akaja dukani kulalamika.

"Mwanangu, wale wadudu wenye mikia wananilia nguvu zangu. Huna dawa yao?"

"Mhm," alijibu fundi. Wiki hiyo hiyo akanunua kwa fundi baiskeli bunduki ya upepo iliyokwishatumika.

Kwa msomaji asiyeijua: bunduki ya upepo haina baruti. Unaikunja katikati, unaingiza kijirisasi kimoja kisichozidi punje ya mtama mnene, unainyoosha, unafyatua. Kisha unaanza upya. Mikono yote miwili ina kazi. Fundi wetu, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa ameizoesha midomo yake kushika vitu vidogo wakati mikono ina kazi, hakufikiri hata mara moja. Alimimina vijirisasi kiganjani, akavibana mdomoni.

Kwa jicho la mtu anayetunga uzi bila miwani, kindi alikuwa shabaha rahisi. Siku ya kwanza aliangusha wawili. Baada ya wiki mbili karanga zilipumzika, na kazi iliyoombwa ikawa imekwisha. Hapo ndipo angepaswa kuiweka chini bunduki. Hakuiweka. Aliingia msituni, mbali na shamba, kuwafuata kindi ambao hawakuwa wamekula karanga ya mtu. Hakuwala, hakuwauza. Wengine walikufa papo hapo. Wengine walipanda juu na majeraha yao, na huko walikofia hakuna aliyekujua.

Alasiri moja kindi alikimbia juu ya ua wa mama mkwe. Fundi akafyatua. Kijirisasi kilimpita kindi, kikapita ua, kikatoboa shuka iliyokuwa ikianikwa. Nyuma ya shuka alisimama mama mkwe mwenyewe, vibanio mkononi.

Kesho yake aliileta ile shuka dukani, akaikunjua juu ya meza ya kukatia, akaweka kidole kwenye tundu.

"Nishonee hapa, mwanangu. Na ukiwa unashona uniambie: kama ningesogea kiganja kimoja, ungenishona na mimi?"

Mkewe alizima cherehani. "Umesikia anachosema mama?"

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akaziweka kwenye kisahani. Sote tuliomjua tungejua hapo kwamba jambo ni zito.

"Nimekoma," alisema. "Mama, nisamehe. Mke wangu, naapa. Bunduki naiuza."

Hakuiuza. Aliiviringisha ndani ya jora la bitana nyeusi, lile la rafu ya juu ambalo halikuwa na wateja. Na kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alianza kutoka alasiri, jora kwapani na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Naenda kuchukua vipimo," alimwambia mkewe. Hakubeba kopo la vijirisasi, maana kopo hulia mfukoni, na suruali zake alizifua mkewe. Alivibeba pale pale pa siku zote, mdomoni. Akikutana na mtu njiani, salamu yake ilikuwa mhm, na nani angeshangaa? Siku moja alipinda kona ya kichochoro akagongana uso kwa uso na mama mkwe.

"Unatoka wapi, mwanangu, majani yote haya kichwani?"

Kwa kushtuka akameza viwili. Haikuwa mara ya mwisho.

Miezi ikapita. Fundi akaanza kuja kwangu kutafuta dawa ya tumbo. Lilimsokota, alisema, na choo kilikuwa kigumu. Nikamuuzia. Wiki iliyofuata akarudi, nikamuuzia tena. Mara nne nilimuuzia, na sikumuuliza swali hata moja ambalo mtu wa kazi yangu angepaswa kuuliza. Nalisema hili kwa sababu ni kweli.

Kisha akawa mkali. Mtu ambaye hakuwahi kuinua sauti alimrushia mkewe mkasi mezani kwa sababu ya kifungo. Koti la mwalimu mkuu likatoka mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

"Fundi, siku hizi unapima kwa futi au kwa chupa?" mwalimu alimtania, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Utani ukavuka barabara, ukageuka habari: Fundi Mhm anapiga maji. Mkono unatetemeka, hasira za ghafla, anapotea alasiri. Ushahidi wote ulikuwepo isipokuwa pombe. Mkewe alimnusa kila aliporudi, akakuta harufu ya majani na jasho, na bado hakulala kwa amani. Mimi pia nilikubali habari ile. Ilikuwa rahisi kuliko kufikiri.

Asubuhi moja fundi alinyanyua mkasi mkubwa, na mkasi ukadondoka. Alijaribu kuinua kiganja cha kulia, kiganja hakikuinuka. Kilining'inia kutoka kwenye kifundo kama mkono wa koti lililotundikwa.

Walikwenda hospitali yeye na mkewe. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alikipima kiganja, akatazama fizi, akauliza: "Baba, unafanya kazi ya betri? Rangi? Unayeyusha madini yoyote?"

"Hapana. Mimi ni mshonaji."

"Kuna kitu unachoweka mdomoni mara kwa mara?"

Fundi alimtazama mkewe, aliyekaa karibu naye akiwa ameushika ule mkono mgonjwa juu ya mapaja yake. Kusema kweli kungekuwa kukiri kwamba kiapo kilikuwa uongo, na vipimo vyote vile vilikuwa uongo.

"Pini tu," alisema.

"Pini ni za chuma cha pua. Hizo hazina neno," alisema daktari, akaandika. Alimpa vidonge vya kuongeza damu na kumwambia arudi baada ya wiki tatu. Wiki hizo tatu, ndugu msomaji, fundi aliendelea kwenda msituni. Alijifunza kufyatua kwa mkono wa kushoto.

Dukani sasa mkewe alishona karibu kila kitu peke yake. Jumanne moja alinyoosha mkono kwenye kisahani cha pini za mumewe, na kidole chake kikagusa kitu kisichochoma. Kilikuwa cha kijivu, kizito kuliko umbo lake, kiuno chembamba kama cha gurudumu la uzi. Alivuka barabara akakiweka juu ya kaunta yangu.

"Hii ni nini?"

"Kijirisasi cha bunduki ya upepo."

"Na hizi alama?"

Nilikitazama karibu na taa. "Meno."

Akakigeuza kwa ncha ya kidole. "Kimetengenezwa kwa madini gani?"

"Madini ya risasi," nilimjibu, na nilipokuwa nikitamka ndipo nikazikumbuka zile dawa nne za tumbo. Yeye alikumbuka maswali ya daktari kuhusu madini na mdomo.

Alirudi dukani akamkuta mumewe mlangoni, futi shingoni, jora la bitana kwapani.

"Unakwenda wapi?"

"Mhm."

"Fungua mdomo."

Akatikisa kichwa.

"Nimesema fungua."

Mke alikinga kiganja chini ya kidevu cha mumewe, kama mtu anayemlisha mtoto. Vikadondoka vitatu, vimelowa.

"Nilidhani ni chupa," alisema mke. "Halafu nikadhani ni mwanamke. Vipimo, vipimo, kila Jumanne vipimo! Mtaa mzima umeshonewa suti?"

"Ningekuambia."

"Lini? Mhm?"

Fundi aliliweka jora chini. Alikaa kwenye kigoda cha wateja akalia, na mkewe akafunga duka, akampeleka hospitali vile vile na futi yake shingoni.

Safari hii fundi alisema yote. Picha ya eksirei ya tumbo ilionyesha nukta nyeupe kumi na moja. Daktari alizihesabu kwa ncha ya kalamu, na vipimo vya damu vilithibitisha kilichobaki.

"Baba," alisema, "muda wote huu ulikuwa unajilenga mwenyewe."

Walimsafisha tumbo, wakampa dawa ya kuitoa sumu ya madini ya risasi kwenye damu. Baadaye nilimuuliza daktari kama zile wiki tatu za kuficha zilidhuru kitu. Alijibu kwamba mshipa wa fahamu hauhesabu nia ya mtu, unahesabu siku. Kiganja kilianza kuinuka mwezi wa tatu wa matibabu. Vidole viwili havikurudi sawasawa, na fundi hakukata tena kitambaa kwa mkasi mkubwa.

Bunduki aliipeleka kituo cha polisi mwenyewe. Kisha alinunua wavu wa waya, akazungushia shamba la karanga na kulifunika juu, akifunga waya kwa mkono wa kushoto huku mama mkwe akimshikia nguzo. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Ingeweza kuanzwa siku ile ya kwanza.

Leo mke ndiye anayekaa dirishani. Mume huchora kwa chaki, hupiga pasi na kupokea wateja. Mkono wake bado una mazoea: nilimwona juzi akichomoa pini kwenye kola na kuipeleka mdomoni. Bila kuinua kichwa, mkewe alimnyooshea kimto cha pini.

"Hapa," alisema.

Akaichoma pini pale. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akingojea, akamuuliza koti litakuwa tayari lini.

"Jumatano, saa nne asubuhi," alijibu fundi, kwa sauti tuliyokuwa bado hatujaizoea.

FUNZO

Madini ya risasi ni sumu, hata yakiwa madogo kama punje, na mdomo si mahali pa kuyaweka. Hilo ni la kukariri na kuwaambia wengine. Lakini fundi hakuharibiwa na punje peke yake. Aliombwa kulinda karanga, akaendelea kuua baada ya karanga kupona. Kisha akaificha starehe hiyo nyuma ya kiapo, na ilipofika siku ya kuulizwa na daktari akachagua kulinda kiapo badala ya mkono. Mwenye jambo la aibu ampe daktari jibu la kweli kwanza, aibu itafuata na itapita. Nasi majirani, tunapoona mkono wa mtu unatetemeka, tumuulize anaumwa nini kabla ya kuambiana anakunywa nini.