Mitiki Si Mikorosho

Bimdogo hakutulia asubuhi ile. Aliinjika maji, akayaepua kabla hayajachemka. Alishika ufagio, akauacha. Nyuma ya nyumba mumewe Halfani alikuwa ananoa jembe.

Halfani alikuwa mkulima hodari wa korosho, kijiji kizima cha Lisekese kilijua. Chini ya mikorosho yake palifagiliwa, korosho ikidondoka unaiona ukiwa mbali. Basi alipopanda mitiki ya mbao kwenye mteremko juu ya nyumba, nayo akaifanyia vivyo hivyo. Kila mwaka alifyeka, akalima, akachoma. Majirani walimsifu. Mvua haikumsifu. Ilishusha udongo mwekundu mpaka mlangoni, mizizi ya miti ikabaki nje.

Ilibaki kona moja tu yenye vichaka. Hapo Bimdogo alichimba ming'oko, viazi pori alivyolishwa na mama yake miezi ya njaa. Leo Halfani alisema atailima kona hiyo pia. Kuchimba Bimdogo alijua: unatoa kiazi, unaacha shina, unafukia. Kumzuia mume hakujua.

Mwishowe alijifunga kanga, akamfuata jirani yao Priska, afisa misitu.

Halfani alimtembeza Priska shambani kwa fahari. Priska alichota udongo chini ya mitiki, palipofagiliwa. Ulikuwa mkavu, mgumu. Akachota wa kwenye kona. Huo ulikuwa na unyevu.

"Baba Zuhra," alimwambia Halfani, "korosho unaiokota chini, ndiyo maana unafagia. Mbao nazo utaziokota?"

Halfani alicheka kidogo. "Lakini majani si yanaunyang'anya mti chakula?"

"Mti mchanga, ndiyo. Palilia duara kuzunguka shina. Nyasi zikizidi na kusonga mimea mingine, zipunguze. Majani mengine yaache. Mimea hii ya kawaida, iliyoenea kila mahali, ndiyo inayofunika udongo na kushika maji."

"Na moto je?"

"Safisha njia ya moto pembeni. Ndani usichome."

Bimdogo alidakia. "Na ming'oko, mama?"

"Hiyo ndiyo ya kulinda zaidi," Priska alisema. "Mimea ya kawaida ukiifyeka hurudi, mbegu zake zimejaa. Ya nadra kama ming'oko ukiimaliza hapa, itarudi kutoka wapi? Na hiyo michache ndiyo inayofanya shamba liwe na mimea ya namna nyingi."

Halfani alitazama njia. "Watu watasema nimekuwa mvivu."

"Waseme," Bimdogo alijibu. "Udongo ukiingia ndani, hawaji kuuzoa."

Halfani aliliweka jembe begani, akaiacha kona na vichaka vyake, akaenda kwenye mikorosho.

Mvua ya kwanza ilipopiga, Bimdogo alisimama mlangoni na koleo, tayari kuzoa udongo. Maji yalishuka taratibu kati ya majani yaliyoachwa. Udongo haukufika. Akaliegemeza koleo ukutani, akakaa.

Kiangazi kilichofuata, mpita njia alimtania Halfani kwamba shamba lake limegeuka pori. Halfani alimsogezea sahani ya ming'oko iliyochemshwa.

"Kula kwanza," alisema.