Basi la Tairi Mpya

Watu walimwita fundi wa tairi Najua. Ukimwambia mvua inakuja, alisema, "Najua." Ukimwambia kamba ya kiatu chake imefunguka, alisema, "Najua," kisha akajikwaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hapendi kuuliza, basi.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake, alimpitia mama yake. Wajukuu walimwita Bibi, na majirani nao wakafuata. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Najua alimmiminia chai na kumwekea kikombe mkononi, maana mwenyewe alikuwa hakioni.

Mwaka huo Najua na mkewe walimpeleka Bibi mjini kufanyiwa upasuaji. Walikaa kwenye hoteli ndogo karibu na hospitali. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alipomruhusu kutoka, Bibi alitazama mikono yake, ukuta, dirisha, kisha mwanawe.

"Kumbe una mvi," alisema.

"Najua," alijibu Najua.

Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa baada ya siku mbili. Walibaki na siku moja tu ya mapumziko. Asubuhi, wakiwa bado chumbani, Bibi alisema, "Wanangu, nina ombi. Nipelekeni stesheni ya zamani ya treni. Nataka kuona ua la baba yenu."

Marehemu mumewe alikuwa fundi wa vigae. Ujanani alifanya kazi katika mji huu. Yeye na wenzake waliweka sakafu ya stesheni, sakafu ya maua meupe. Alizoea kusimulia kwamba aliweka ua moja jekundu karibu na dirisha la tiketi, kwa ajili ya mkewe. Lakini mzee yule alikuwa hodari wa kutia chumvi. Alisimulia pia habari za samaki aliyemvua katika mto wa mji huu, na kila mwaka samaki yule alirefuka. Kwa hiyo hata ua jekundu hakuna aliyeliamini.

"Nilimwita mwongo usoni kwake," alisema Bibi. "Amekufa namwita mwongo. Sasa nimepata macho. Lakini magoti haya hayatanileta tena huku. Nisipoona leo, sioni tena."

Stesheni ilikuwa upande wa pili wa mji. Bibi asingeweza kutembea mpaka huko. Nje ya hoteli walikuta basi jekundu la watalii likingoja abiria. Ng'ambo ya barabara lilisimama la bluu.

"Niachieni mimi," alisema Najua. "Najua kuchagua basi."

Akalizunguka lile jekundu. Akainama, akagonga kila tairi kwa ncha ya kiatu. Kisha akavuka barabara na kulikagua la bluu. Akarudi akitikisa kichwa.

"La bluu tairi zake zimeanza kuchoka. Hili jekundu zote mpya. Safari ni tairi."

"Baba watoto, tuulize kwanza linapita wapi," alisema mkewe. "Na linashusha wapi."

"Basi la watalii linapita kila mahali. Najua."

Wakakata tiketi, wakapanda. Viti vilikuwa laini. Sauti kutoka kwenye spika ilieleza kila jengo walilolipita. Bibi alikaa dirishani na miwani nyeusi aliyopewa hospitalini, akitazama kila kitu mpaka mabango ya sabuni. Kisha sauti ikasema, "Upande wenu wa kushoto ni stesheni ya zamani."

Bibi akasimama. "Shusha hapa, mwanangu!"

"Samahani, mama," alisema kondakta. "Hili halishushi njiani. Tunazunguka mji mara moja, tunawarudisha hotelini."

Mlango mkubwa wa stesheni ulionekana dirishani, kisha haukuonekana tena. Bibi alikaa polepole. Hakulaumu mtu.

Walirudi hotelini kabla ya adhuhuri. Dada wa mapokezi aliwapokea kwa uchangamfu.

"Karibuni. Matembezi yalikuwaje, mama?"

"Nimeona mlango," alijibu Bibi, akaketi kwenye kiti cha karibu.

Mkewe Najua alimweleza dada yule mambo yote. Najua alisimama akitazama viatu vyake. Aliona aibu, tena kubwa. Mwishowe alisogea mezani.

"Dada," alisema, "mimi sijui. Tufanye nini?"

Mkewe aligeuka kumtazama. Neno hilo alikuwa hajalisikia tangu waoane.

Dada wa mapokezi akatandaza ramani juu ya meza. "Anzeni na mnachotaka kuona," alisema. "Mkishajua hicho, ndipo mtafute basi linalofika hapo. Lile jekundu ni la kuangalia dirishani. Linamfaa mtu mwenye haraka, au asiyetaka kushuka. La bluu ni la kushuka na kupanda. Unashuka kituo unachotaka, unatembea, unatazama. Ukimaliza unapanda la bluu lolote linalofuata. Tiketi ni ileile mpaka jioni, kwa hiyo usiitupe."

"Na kiti changu?" aliuliza Najua. "Nikishuka si kitachukuliwa?"

"Kitachukuliwa. Utapata kingine kwenye basi jingine."

Najua alilifikiria jambo hilo kwa muda, kama anayetafuta tundu dogo kwenye tairi.

"Kutoka hapa mpaka stesheni ni mbali?" aliuliza mkewe.

"Kwenda si mbali, ni kituo cha tatu." Dada alipitisha kidole kwenye ramani. "Lakini mabasi haya yanazunguka kwa upande mmoja tu. Kurudi, mtapitia vituo vyote vilivyobaki. Mkishuka, muulizeni kondakta basi la mwisho linapita saa ngapi, msije mkalala stesheni. Halafu ukumbi wa stesheni siku nyingine hufungwa mapema. Ngojeni nipige simu."

Akapiga. Akasikiliza, akashukuru. "Leo uko wazi mpaka alasiri. Nendeni sasa."

"Mama ana magoti," alisema Najua. "Hawezi ngazi ndefu."

"Mwambie kondakta kabla hamjapanda. Basi ni la ghorofa, na chini kuna viti vya watu kama mama. Na msisubiri hapa mlangoni. Kituo cha la bluu ni ng'ambo, kwenye kona ya duka la dawa. Mkisimama upande huu litawapita mkilitazama."

"Leo jua limechomoza magharibi," alisema Bibi akiinuka. "Mwanangu ameuliza mara mbili."

Basi la bluu lilipofika, Najua alizitupia jicho tairi zake. Mkewe naye akamtupia jicho yeye. Najua akaziacha tairi. Akamwuliza kondakta kama wanafika stesheni, kama kuna kiti cha chini, na basi la mwisho ni saa ngapi. Kondakta alijibu yote, akawakatia tiketi, kisha akamshika Bibi mkono apande.

Ukumbi wa stesheni ulikuwa mpana na wenye ubaridi. Sakafu yote ilijaa maua meupe. Madirisha ya tiketi yalipangana ukutani, yamefungwa siku nyingi. Bibi alianza na la kwanza. Aliinama, akatazama. Maua meupe. Akaenda la pili. Meupe. La tatu, meupe. Najua alianza kuogopa. Aliogopa kwamba baba yake alitia chumvi kweli, na kwamba yeye ndiye aliyemleta mama yake kuja kuiona chumvi hiyo.

Mbele ya dirisha la mwisho palikuwa na benchi refu. Zamani Najua angelisukuma tu. Safari hii alimwendea mlinzi.

"Samahani, kaka. Tunaweza kulisogeza benchi hili kidogo?"

"Sogezeni, ila mlirudishe."

Yeye na mkewe wakalinyanyua. Chini yake palikuwa na ua moja jekundu. Ukingo wake mmoja ulikuwa umemeguka. Rangi ilikuwa bado kali, kwa sababu benchi lilikuwa limelikinga ua na nyayo za watu.

Bibi alivua kiatu, akaweka unyayo wake juu ya ua lile. Machozi yalimtoka chini ya miwani nyeusi.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema. "Ulikuwa unasema kweli. Nimeliona. Nimefurahi mno."

Hawakuharakisha kuondoka. Kisha wakalirudisha benchi mahali pake, wakatoka kwenda kituoni. Najua alizitoa tiketi mfukoni.

"Mama, hizi zinatumika mpaka jioni. Unataka kuona nini kingine?"

Bibi alifikiri kidogo.

"Mto," alisema. "Naanza kuwa na wasiwasi kuhusu yule samaki."

Basi la bluu likasimama. Najua akamwendea kondakta, akauliza kama linapita mtoni.